Nyasi nimepanda, mbona maji bado machafu?

SWALI: Mtaalamu, shamba letu linateremka hadi kijitoni. Tulishauriwa tupande nyasi ukingoni, tukapanda. Mvua ikinyesha kijito bado kinageuka tope, na kiangazi bwawa la chini linajaa mwani. Nyasi zimeshindwa kazi?

JIBU: Hazijashindwa, ndugu msomaji, ila maji yanazikwepa. Mvua kubwa ikianza, vaa mabuti ushuke mwenyewe uone yanapopita. Nyasi huchuja maji yaliyotandaa, yanayokwenda polepole. Yakikusanyika kwenye njia ya ng'ombe au mwishoni mwa mtaro, hutoboa upenyo mmoja na kuingia kijitoni kwa kasi. Utaujua upenyo huo: nyasi zimelala zote kuelekea mtoni na udongo umezifunika.

Usikimbilie kuuziba, maji yatatafuta pengine. Anzia kazi juu shambani. Lima kwa kukingama na mteremko, weka makinga maji, acha mabua yafunike ardhi, na ng'ombe wanyweshewe horini, mbali na ukingo.

Huo mwani unalishwa hasa na fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea na samadi, na sehemu kubwa ya fosforasi husafiri imeshikamana na chembe za udongo. Ukizuia mmomonyoko umepunguza chakula cha mwani, ingawa tope la zamani lililolala bwawani litaendelea kuitoa kwa miaka. Kwa hiyo usiihukumu kazi yako kwa msimu mmoja.

Nitrati, aina ya naitrojeni itokayo kwenye mbolea, ina tabia nyingine. Huyeyuka, huzama na maji, na inaweza kupita chini kabisa ya mizizi ya nyasi zako. Dawa yake ni kugawa mbolea kwa awamu, mazao yakiwa yanakua, badala ya kuimwaga yote siku ya kupanda. Kama mnakunywa maji ya kisima cha hapo, yapimwe: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za nitrati kwa lita, na walio hatarini zaidi ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga. Kuyachemsha hakusaidii, maji yanapungua, nitrati inabaki.

Tena, huenda tope si lako peke yako. Katika mvua ileile, chota chupa moja kijito kinapoingia shambani na nyingine kinapotoka. Ziache zitulie hadi kesho yake, ulinganishe tope lililotuama. Zikilingana, zibebe zote mbili ukaonane na wenzako wa juu.