Maswali ya Wasomaji: Kutambua jeni za keratini za mbwa na farasi

SWALI: Nimetafuta protini za keratini za binadamu (zinazojenga ngozi, nywele na kucha) kwenye jenomu ya mbwa, yaani DNA yake yote, kwa tBLASTn, programu inayolinganisha protini na DNA. Nilitarajia jeni hamsini na kitu. Nimepata vipande vingi mno, vingine kwenye kromosomu nisizozitegemea. Nitajuaje jeni hai ni zipi? Na farasi je?

JIBU: Anza na mahali, alama za ufanano ziache kwanza. Keratini zote zina fimbo ya kati yenye asidi amino kama 310, na kwa kuwa fimbo hizo zinafanana sana, protini moja hugonga jeni nyingi. Jeni zenyewe, hata hivyo, hukaa katika vishada viwili, yaani makundi ya jeni zilizo jirani, kimoja kwa kila aina ya keratini. Aina ya I iko kwenye kromosomu 9 kwa mbwa na 11 kwa farasi. Aina ya II iko kwenye 27 kwa mbwa na 6 kwa farasi. KRT18 (KRT ni kifupi cha keratini) ndiyo mkaidi: ni ya aina ya I, lakini imekaa upande wa aina ya II, jirani na KRT8. Iache hapo hapo.

Kipande kilicho nje ya vishada, kisicho na introni (sehemu za jeni zinazokatwa na kuondolewa kwenye RNA), karibu kila mara ni jeni mfu iliyotokana na RNA iliyonakiliwa tena kuwa DNA. KRT8 na KRT18 huacha nyingi za namna hiyo. Utaona kodoni za kikomo (herufi tatu za DNA zinazosimamisha utengenezaji wa protini) katikati.

Ndani ya kishada, usiziamini modeli za programu, yaani jeni zilizokisiwa na kompyuta. Jeni zimebanana na zinafanana, kwa hiyo programu huchukua eksoni (sehemu zinazobaki kwenye RNA) za mwanzo za moja na kuziunga na za mwisho za jirani yake. Introni ndefu kupita kiasi, au protini yenye fimbo mbili, ni dalili ya kosa hilo. Hesabu eksoni: aina ya I kwa kawaida huwa na 8, aina ya II 9. Introni ianze na GT, iishe na AG. Mwishoni mwa fimbo tafuta asidi amino TYRRLLEGE au mfuatano unaokaribiana nao.

Kwa keratini nyingi za ngozi, kichwa na mkia (ncha mbili za protini, nje ya fimbo) vimejaa asidi amino ya glisini inayojirudia, na hapo ndipo jenomu hukatika. Eksoni ikikosekana, angalia kwanza kama pana mfululizo wa N, herufi ya sehemu ya DNA isiyojulikana. Kwa farasi tumia jenomu ya EquCab3.0, kisha linganisha na RNA ya tishu husika.

Orodha ya binadamu pekee itakupotosha. KRT42 kwa binadamu ni mfu, lakini kwenye kwato za farasi inafanya kazi, sambamba na KRT124. Jina litoke kwenye mpangilio wa majirani na mti wa ukoo, maana kinachofanana zaidi si lazima kiwe ndicho.

Jaribu modeli yako kwa KRT71 ya mbwa. Badiliko la 451C>T, linalohusishwa na manyoya ya kujikunja, hugeuza arjinini ya 151 kuwa triptofani. Ukisoma jenomu ya CanFam3.1, ya mbwa aina ya boxer, na nafasi ya 151 isiwe arjinini, kagua kodoni uliyoianzia.