Trela ya kambi yenye hema juu, kwa hewa ya Malindi

Video nyingi za kujijengea trela ya kambi zinatoka Australia na Afrika Kusini, na wenzetu wale kazi wanaijua. Lakini wengi wao hujenga kwa ajili ya nchi kavu: mawe, vumbi na jua. Ukichukua mchoro wao vilevile ulivyo, kisha trela ukaiegesha Malindi karibu na bahari, umeipikia kutu karamu. Mimi ninayo trela ya kujijengea, inavutwa na Hilux ya zamani, na nimeshalala nayo Mambrui, Marafa na hadi Tsavo Mashariki kupitia geti la Sala. Ninayoandika hapa ni yale ambayo kwenye video hayamo, au yamo lakini yanapitwa mbio.

Wapo watakaouliza kwa nini trela, wakati hema la juu linaweza kukaa kwenye keria ya gari lenyewe. Linaweza. Shida ni asubuhi, unapotaka kwenda kutafuta samaki au kuangalia ndovu, ukalazimika kwanza kukunja nyumba nzima. Trela inabaki kambini, gari linatoka. Tena trela iko chini kuliko keria, ngazi inakuwa fupi, na mzee wa watu anapanda bila kusukumwa. Ila kama unasafiri peke yako na huna desturi ya kulala mahali pamoja usiku wa pili, funga hema juu ya gari na pesa zako uzihifadhi.

Ukishaamua trela, usianze kwa kununua hema. Chukua vipimo vyake tu, andika, achana nalo. Pesa za mwanzo zipelekwe chini ya trela: ekseli, habu (vitovu vya magurudumu), beringi, springi na matairi. Tafuta ekseli yenye habu zinazolingana na za gari lako. Hilux na Prado nyingi zina stadi sita, zile boliti zinazoshika gurudumu, kwenye duara la milimita 139.7, kwa hiyo ekseli ya mpango huo ikipatikana, rimu za gari na za trela ni zilezile na spea moja inatumika kote. Halafu pima upana kutoka tairi hadi tairi. Trela ikiwa nyembamba au pana kuliko gari, kwenye mchanga wa Mambrui itakuwa inajichimbia njia yake pembeni ya njia uliyokwisha kuichimba, na gari litavuta kana kwamba umefunga breki.

Springi za pikapu, zile za bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, zinafaa sana, lakini pikapu ilitengenezwa kubeba mizigo ya tani. Trela ya kambi yenye kilo mia tano au sita ikikalia springi zote hizo haitadunda, itaruka, na vyombo vyako vya udongo utavikuta vigae. Mwambie fundi apunguze bapa mpaka springi ianze kujibu ukisimama juu ya chasi na kujitikisa.

Kuhusu chuma chenyewe, mpango mzuri huanzia dukani. Bomba za mraba huuzwa kwa urefu wa mita 6, na plaiwudi ni futi 8 kwa 4. Chora kisanduku cha trela kifuate vipimo hivyo, usije ukalipia vipande vitakavyobaki uani vikifanyiwa kazi na kuku. Bomba la kuvutia, lile linaloshika gari, liache refu. Trela yenye shingo fupi hukunjika upesi ukirudi nyuma, na mlango wa nyuma wa gari hugonga kisanduku kabla haujafunguka.

Sasa kutu. Fundi wangu wa kuchomelea alishaziba ncha zote za bomba, safi kabisa, akazisaga kwa grinda zikawa hazionyeshi alama. Akapita mzee mmoja anayetengeneza vyombo vya baharini, akagonga bomba kwa kidole, akaniuliza, "Mwanangu, maji ya humu yatatokea wapi?"

Fundi akasema, "Mzee wangu, maji hayaingii, nimeziba pote."

"Hayaingii, lakini yatakuwemo," akajibu, akaenda zake.

Na ndivyo ilivyo. Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Bomba likichomelewa vizuri kiasi gani, patabaki tundu la sindano mahali. Mchana chuma hupata moto, hewa ya ndani hutoka; usiku hupoa, hewa ya bahari huvutwa ndani, unyevu unageuka matone, na chumvi inabaki. Kutu huanzia ndani, na wewe unapiga rangi nje. Toboa tundu upande wa chini, mwishoni mwa kila bomba, kubwa la kutosha lisizibwe na matope, na uhakikishe bomba limelala kwa namna ambayo maji yatafika kwenye tundu hilo. Palipobaki tumia vyuma vya pembe, vile mafundi wanaviita anglaini: haviwi imara kama bomba ukivipinda, lakini kila upande unauona na kila upande unapigika brashi. Wapo wanaomimina oili chafu ndani ya bomba. Inazuia kutu, sibishi, lakini jua likiwaka inadondoka, na kambi nzima inanuka gereji.

Ukinunua chuma kilichopakwa zinki, fundi aiondoe zinki kwa grinda pale anapotaka kuchomelea, na kazi ifanyike nje, upepo ukipita. Moshi wake mweupe huleta homa na kifua usiku wa siku hiyohiyo. Maziwa ambayo mafundi wetu hunywa baada ya kazi hiyo ni matamu, lakini hayatoi moshi mapafuni. Mahali palipochomwa pakae primer ya zinki siku hiyohiyo, maana chuma kilicho wazi Malindi hubadilika rangi kufikia asubuhi. Na boliti za stenlesi usizifunge moja kwa moja kwenye alumini: chumvi ikiingia kati yao, alumini ndiyo inayoliwa. Wosha ya plastiki na grisi kidogo zinatosha.

Jambo la uzito ndilo linaloua watu barabarani, kwa hiyo hapa tusiende haraka. Mzigo mwingi ukikaa nyuma ya ekseli, mkia unaanza kulivuta gari kushoto na kulia, na kadiri unavyokimbia ndivyo unavyozidi. Ukitokewa, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kuongeza mwendo ili inyooke. Lakini afadhali usitokewe. Pakia trela kama unavyosafiri, na hema likiwa juu, iegeshe mahali tambarare, kisha shingo uipumzishe juu ya mizani ya bafuni, ukiinua mizani kwa matofali mpaka ifikie kimo cha ndoano ya gari. Uzito unaousoma hapo uwe karibu asilimia 10 ya trela yote: trela ya kilo 600, shingo kilo 60 hivi. Ukipungua sana, sogeza vitu mbele. Maji yaweke juu ya ekseli kabisa. Lita moja ni kilo moja, na madumu matatu ya lita 20 yakiwa nyuma yakaisha njiani, trela unayorudi nayo si ile uliyoipima. Hema la juu la kununua mara nyingi lina kilo 50 hadi 70, nalo liko juu, kwa hiyo vizito vingine vyote vikae sakafuni.

Hema lenyewe unaweza kununua au kushonesha. Mimi napenda la kushonesha, kwa sababu kushona turubai na matanga si kazi ya kutafutwa mbali pwani hii. Omba marudufu ya pamba, kile kitambaa kizito, na uzi wa pamba. Siku ya kwanza lirowesheni maji mpaka litiririke, kisha likauke likiwa limetandazwa, na mrudie tena. Uzi wa pamba ukilowa huvimba, na matundu ya sindano yanajiziba yenyewe; nguo nayo hupungua kidogo, ndiyo maana mshonaji apewe kipimo chenye nafasi. Ukingoja mvua ikufanyie kazi hiyo, utaifanya ukiwa umelala ndani. Turubai la plastiki ni jepesi na bei yake rahisi, lakini kwa joto la Machi mtu anaiva humo.

Chini ya godoro ndipo hema nyingi za juu huanza kuoza. Mwili una joto, mbao za chini zimepoa, na jasho la usiku linakusanyika katikati. Wenye maduka huuza nyavu maalumu za kuinua godoro. Kwetu dawa ipo kwenye vitanda vya zamani: nilitengeneza fremu ya mbao, nikaiwambisha kwa kamba za makumbi, nafasi ikabaki ya vidole viwili hivi chini yake, hewa inapita. Kamba hizo unyevu haziuogopi. Zimefunga majahazi miaka na miaka. Na kama umelazimika kukunja hema bichi, lifungue tena ukifika nyumbani, hata kama ni usiku. Ukungu wa pwani hauna subira.

Ukifika kambini, msimu wa kusi elekeza upande mfupi na mwembamba wa hema kusini, mlango upande wa pili. Julai na Agosti upepo ule si wa kufanyia mzaha. Teremsha miguu minne ya pembeni kabla mtu hajapanda ngazi, la sivyo wa kwanza kupanda atabembea. Chini ya kila mguu weka kipande cha ubao mpana, kwenye mchanga hasa.

Yaliyobaki ni mafupi. Jiko na ngazi viwe upande wa kushoto, kwa sababu Kenya gari likisimama kando, kulia ndiko magari yanakopita. Waya wa arthi uende mpaka kwenye plagi ya gari. Usitegemee ndoano yenye grisi na mchanga ikupitishie umeme wa taa. Trela huandikishwa kivyake na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na namba yake huanza na herufi Z, basi peleka karatasi mapema na bima uiulizie kabla, si baada. Matunda usiyalaze hemani ukiwa Tsavo. Ndovu ana pua.

Safari ya kwanza iwe ya Marafa, kupitia Marikebuni. Ni karibu, barabara ina ubaya wa kukutosha, na pakitokea neno unarudi Malindi siku hiyohiyo. Ukishavuka daraja la Sabaki na kwenda kidogo, simama. Kaza nati za tairi, kaza yubolti (boliti za umbo la U) za springi, kisha weka kiganja juu ya kila habu. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa mkono haukai, beringi imekazwa mno au haina grisi, na hiyo isifike Marafa.