Kabla ya kuwasha, ujue theluji utaitupa wapi

Wanaopita gereji kwangu hapa Mtwara kuniuliza habari za kazi za baridi huko Ulaya ya kaskazini, wengi ni vijana waliomaliza VETA, wengine wanatoka Lindi, Masasi na Newala. Maswali yao huwa mawili: mshahara na baridi. Mashine ya kurushia theluji haiulizwi na mtu, na mashine hiyo ndiyo mtakayoshinda nayo kuanzia saa kumi alfajiri. Basi leo naandika habari za mashine hiyo, ile ya haibridi, yaani inayotumia petroli na umeme pamoja; mengine mtajionea.

Nilifanya kazi Ufini kwa misimu kadhaa, upande wa kutunza majengo ya kupanga. Nchi hiyo si ngeni kwetu Kusini. Wazee wanakumbuka visima vya Wafini vya miaka ya 1970, na waliofuata wanaukumbuka RIPS, mradi wa maendeleo ya vijijini uliofadhiliwa na Ufini, uliofanya kazi Mtwara na Lindi. Ila Mfini uliyemjua akichimba kisima kwenye jua la Nanyamba, nyumbani kwake anaamka gizani kuondoa theluji mlangoni. Katikati ya mwezi wa kumi na mbili, Helsinki, mwanga wa mchana haudumu hata kwa muda wa saa 6, na ukipanda kaskazini unazidi kupungua. Maana yake kazi hii utaifanya kwa taa ya mashine, watu wamelala, na wakiamka saa moja wanataka njia iko wazi.

Mashine yenyewe ni ya kutembea nayo. Wewe uko nyuma, umeshika mikono yake. Mbele kuna sanduku la chuma lililo wazi, ndani yake parafujo kubwa inayozunguka na kukokota theluji kutoka pembeni kuileta katikati. Nyuma ya parafujo ipo feni, nayo ndiyo inayoirusha juu kupitia shingo unayoigeuza kushoto au kulia. Haina matairi. Inatembea kwa cheni za mpira za mtindo wa katapila, ili isizame wala kuteleza.

Uhaibridi wake uko hivi. Injini ya petroli inazungusha parafujo na feni, na hapohapo inazalisha umeme wa kuchaji betri. Kutembea ni kazi ya mota mbili za umeme, moja kwa kila cheni. Chukua Honda HSM1380i, inayokata njia ya upana wa kama sentimita 80: injini yake ni GX390, cc 389. Fundi yeyote wa pampu za maji au jenereta hapa kwetu GX390 anaijua, na akiifungua kule hatakuta maajabu. Maajabu yako kwenye umeme.

Faida ya kutenganisha hivyo utaiona siku ya kwanza kwenye theluji nzito. Mashine ya kawaida, ukiingia mahali pazito, injini inaanza kukohoa, wewe unahangaika na gia. Hii ya haibridi unaiachia injini resi kamili muda wote, feni inazunguka kwa nguvu ileile, halafu mwendo wa cheni unaupunguza peke yake mpaka itambae. Ukiiweka kwenye hali ya kujiendesha, kompyuta inasoma mzigo wa injini na kupunguza mwendo yenyewe. Kwa hiyo wageni wengi wanachokosea ni kuisukuma. Wanaona inatambaa, wanaipa kifua na magoti. Acha. Imepunguza mwendo kwa sababu imepima mzigo kuliko unavyoweza kuupima wewe kwa macho. Hata kugeuka usikunjane nayo, kila cheni ina mota yake, inageuka kwa vidole. Aliyezoea pawatila atasumbuka kidogo hapa, kwa kuwa mikono yake imefundishwa kuvutana na mashine.

Sasa lile ambalo mimi naliona ndilo kazi yenyewe. Kuendesha utajua kwa siku chache. Kazi ni kuamua theluji inakwenda wapi, na uamuzi huo unafanywa kabla ya kuwasha injini.

Piga hesabu. Theluji mpya iliyo kavu ina uzito wa kama kilo 100 kwa mita moja ya ujazo, wakati mwingine chini ya hapo. Eneo la kuegesha magari la mita 10 kwa 10, likilala theluji ya sentimita 40, hapo una mita za ujazo 40, yaani tani 4. Huo ni mzigo wa lori, na umeshuka usiku mmoja. Ikishindiliwa na magari au ikilowa, mita ya ujazo ileile inapita kilo 300. Na haiondoki. Unachokitupa mwezi wa kumi na moja, sehemu za kaskazini utakikuta palepale mwezi wa nne, kimegeuka barafu, na juu yake umeshatupa kingine mara nyingi. Ukiirusha theluji ya kwanza ya msimu karibu na ukingo kwa kuwa ni ndogo, umejijengea ukuta. Ya Januari utairusha juu ya ukuta huo, nayo itakuporomokea njiani. Kwa hiyo theluji ndogo ya mwanzo ndiyo ya kuirusha mbali kabisa, hata kama inaonekana ni kupoteza petroli.

Zunguka uwanja ungali mkavu. Tazama vifuniko vya mifereji viko wapi, maana theluji ikianza kuyeyuka maji yake yatatafuta hapo, na ukiwa umevifukia yataingia ghorofa ya chini ya jengo. Tazama madirisha, kona ya kutupia taka, mahali gari la zimamoto linapopita. Uliza mpaka wa kiwanja. Kule huruhusiwi kusukumia theluji yako barabarani wala kwa jirani, na jirani wa Kifini hatakugombeza, atapiga simu tu.

Halafu upepo. Aliyewahi kupiga salfa kwenye mikorosho kwa bloa hahitaji kufundishwa jambo hili: unatoka alfajiri kusi halijaamka, na ukipuliza kukabili upepo salfa yote inarudi machoni mwako. Theluji kavu ni vivyo hivyo. Ikiwezekana anzia upande upepo unakotoka, irushe kuelekea unakokwenda, na kila ukigeuza mashine kurudi, geuza na shingo. Mwenye haraka anasahau kugeuza shingo, anaifukia njia aliyoifungua sasa hivi.

Theluji ikiwa na kina kuliko mdomo wa mashine, usiichimbe kwa chini. Ukiingia nayo chini, juu inabaki kofia ya theluji ambayo inadondokea injini na mikono. Nyanyua mdomo wa mbele, kata tabaka la juu kwa urefu mfupi, rudi nyuma, shusha mdomo, kata la chini, ndipo usogee. Ni kupanda na kushuka ngazi kwa subira, na cheni zinakusaidia hapo kwa kuwa zinaweza kupanda juu ya theluji iliyoshikana bila kuzama sana. Mahali pazito sana usijaze mdomo mzima. Chukua nusu ya upana, nusu nyingine acha kwa safari ya kurudi. Lile tuta ambalo greda la barabarani linaacha mlangoni mwa uwanja ndilo gumu kuliko yote, limechanganyika mabonge ya barafu na changarawe. Hilo livunje kwa koleo au mtaimbo kwanza, na uliendee asubuhi ileile kabla halijaganda likawa zege.

Mlimani panda na kushuka, usikate ubavu wa mteremko.

Theluji ya majimaji, ya nyuzi zinazokaribia sifuri, ndiyo itakayokutesa. Watu wanadhani baridi kali ndiyo mbaya. Kwa mashine, nyuzi 15 chini ya sifuri ni raha, theluji inaruka kama unga. Ikilowa inanata na kuziba shingo. Na hapa naomba tusikilizane vizuri. Shingo ikiziba, mkono wako hauna kazi humo. Achia liva, parafujo na feni zisimame, zima injini, toa ufunguo, subiri. Kisha tumia kijiti cha kuzibulia kinachokuja na mashine. Hata injini ikiwa imezimwa, feni iliyokwama inaweza kuwa bado imebanwa na belti. Theluji ikilegea tu inazunguka nusu mzunguko, na nusu mzunguko unatosha kuondoka na vidole. Glovu haikingi kitu, tena inavuta mkono ndani.

Kuna liva ambayo lazima uishike ili mashine ifanye kazi, ukiiachia inasimama. Nawajua mafundi wa kwetu: mkono ukichoka wataifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, mambo yaende. Kule usijaribu. Liva hiyo iko kwa ajili ya siku utakayoteleza, na utateleza.

Vilivyofukiwa ni habari nyingine ndefu. Theluji inaficha kapeti za mlangoni, mipira ya kumwagilia, matofali ya bustani, baiskeli nzima. Kibaya kuliko vyote ni nyaya. Kwenye maegesho ya Ufini kuna nguzo za umeme ambazo watu huchomekea magari usiku kupasha injini joto, na mwenye haraka anaondoka na kuacha waya umelala chini. Parafujo ikiukamata itausokota mpaka uukate kwa kisu. Ndiyo maana kabla ya msimu huwa tunachomeka vijiti virefu kando ya njia, kwenye kona, kwenye kila jiwe na kila ukingo wa saruji. Siku hiyo utaona ni kazi ya kitoto. Ikifika Februari utakuwa unaviomba vijiti hivyo vikuonyeshe dunia ilipo.

Halafu kuna changarawe. Wanaimwaga njiani ili watu wasiteleze, na feni yako itairusha kama risasi. Usielekeze shingo kwenye kioo, gari au mtu, hata aliye mbali. Pembeni mwa mdomo wa mashine kuna soli za chuma zinazoamua mdomo uko juu ya ardhi kiasi gani: kwenye lami zipandishe ili mdomo ukaribie chini, kwenye kokoto mdomo unyanyuke sentimita 3 au 4. Utabaki na theluji kidogo, sawa, hukuajiriwa kukwangua mawe.

Parafujo imefungwa kwenye mhimili wake kwa bolti laini ambazo zimetengenezwa zikatike. Ikigonga jiwe, bolti inakatika, gia boksi inapona. Ukiona upande mmoja wa parafujo hauzunguki, zima, toa ufunguo, badilisha bolti. Usiweke bolti ngumu uliyookota kwenye kopo la karakana. Itashika vizuri sana, na safari ijayo kitakachovunjika ni gia boksi. Beba za akiba mfukoni, pamoja na spana yake.

Ukimaliza usizime papo hapo. Acha feni izunguke dakika moja au mbili iteme mabaki, piga brashi mdomo na shingo, ndipo uzime. Usiiingize ndani penye joto ikiwa na theluji, ukaitoa tena usiku: ile theluji inayeyuka, inaingia kwenye maungio na kuganda huko, na alfajiri shingo haigeuki. Ikilala nje, iegeshe juu ya mbao, maana cheni zikiachwa juu ya majimaji zitashikwa na barafu hadi asubuhi. Wala usiiwashe ndani ya karakana iliyofungwa kwa kuogopa baridi. Moshi wa injini hauna huruma na hauna harufu ya kukuonya vya kutosha.

Betri itazame kuliko ulivyozoea kwenye pikipiki. Kwenye mashine za kawaida betri ikifa unavuta kamba, injini ikiwaka unaendelea. Hapa cheni zinategemea umeme. Betri ikifa unabaki na injini inayonguruma na mashine isiyosogea, nayo ina uzito wa kilo zaidi ya 200. Msimu ukiisha betri ichajiwe mara kwa mara, petroli ya zamani isiachwe kwenye kabureta, na oili ibadilishwe kabla ya kuhifadhi.

Kuhusu nguo nitasema kidogo, maana wenyeji watawavika. Sisi tukifika nyuzi 20 mwezi wa saba tunatafuta sweta, kwa hiyo kule mgeni anajifunika mpaka hawezi kuinama, baada ya nusu saa jasho linamtoka, akisimama kupumzika jasho lile linageuka barafu mgongoni. Vaa sufu ndani, pamba iache, na anza kazi ukiwa unahisi kijibaridi. Skafu inayoning'inia ivue. Ziba masikio kwa kinga ya kelele, chini ya viatu funga meno ya chuma.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza haya, na uyapate kwa maandishi: usiku wa theluji ukiitwa saa nane, saa zinaanza kuhesabiwa ukitoka kitandani au ukifika uwanjani, viatu, glovu na kinga ya masikio ananunua nani, wiki isiyoshuka theluji unalipwa nini, na mashine ukikabidhiwa, nani atakaa nawe uwanjani siku ya kwanza. Mwajiri akikujibu hilo la mwisho kwamba utajifunza mwenyewe, mwambie utaanza siku mwenzako mwenye uzoefu atakapokuwepo. Wafini ni watu wa maneno machache, lakini ombi la namna hiyo wanalielewa haraka.