Mikono yote juu, utekelezaji sifuri: tulivyolishughulikia kwenye kikoba chetu

Dada mweka hazina, umeuliza kwa nini kikundi chenu kinapitisha kila jambo kwa mikono yote juu, halafu wiki inayofuata watu wananung'unika na michango haiji. Mimi ni katibu wa kikoba hapa Morogoro, miaka mingi sasa. Naomba msianze kwa kuwaita wanachama wanafiki. Angalieni kwanza nani huzungumza wa kwanza.

Kwetu ulikuwa mradi wa maturubai na viti vya kukodisha. Mwenyekiti alipomaliza kuueleza, mama mmoja tunayemheshimu sana akasema, "Jambo jema hili, wala tusipoteze muda." Mjadala ukafa palepale. Waliofuata wote wakawa ni "namuunga mkono mama". Wakati wa kura niliona watu wakimtazama jirani kwanza, ndipo mkono unapanda. Maswali yakaja nje, watu wanavaa viatu: vitatunzwa wapi? Nani atavisafirisha? Mbona mtaani wanaokodisha wapo tayari? Maswali ya maana kabisa, lakini jambo lilishapita.

Mwaka 2013 Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha utafiti wao kwenye jarida la Science. Walichukua maoni zaidi ya 100,000 ya wasomaji wa tovuti moja ya habari. Bila kujali yanasema nini, mengine waliyaanzishia kura moja ya kuyakubali, mengine moja ya kuyakataa, mengine wakayaacha. Yaliyoanza na kura ya kukubali yaliishia na alama za juu kwa asilimia 25 kwa wastani kuliko yale yaliyoachwa. Yaliyoanza na ya kukataa hayakuzama, kwa sababu waliofuata waliyanyanyua. Nawaomba sana mlishike hili. Mtu akipondwa bila haki, hakosi wa kumtetea. Akisifiwa kupita kiasi, nani yuko tayari kuonekana ana kijicho? Ndiyo maana naiogopa sifa ya mapema kuliko pingamizi la mapema.

Siku hizi jambo kubwa likishaelezwa, tunapiga kura ya siri kabla mtu yeyote hajatoa maoni. Wapo wasiojua kusoma, kwa hiyo tunatumia punje: hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana, unatumbukiza kwenye chungu kilichofunikwa kitambaa. Matokeo yanasomwa, ndipo mjadala unaanza, wanachama wapya wakitangulia na mwenyekiti akimalizia. Kisha tunapiga tena, kwa siri vilevile. Mara ya kwanza jambo lilikuwa kupandisha bei ya hisa, na maharage yakazidi. Wenye kipato kidogo walikuwa wanaona aibu kusema mbele za watu kwamba hawataimudu.

Mtajibiwa kwamba anayeficha kura ana lake jambo. Sikubali. Kenya mwaka 1988, kwenye uteuzi wa wagombea wa KANU, chama tawala cha wakati huo, wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya mgombea, kila mtu anaonekana. Manung'uniko yalikuwa makubwa hadi chama chenyewe kikauacha utaratibu huo.

Mambo madogo, kama saa ya kikao, endeleeni na mikono. Kwa mikopo mikubwa, miradi na viongozi, leteni chungu, na punje zihesabiwe mbele ya wote na watu wawili wasio viongozi. Ukihitaji, nitakuwekea hapa kifungu tulichoandika kwenye katiba yetu.