Masijala Haikunimaliza: Jibu kwa Kijana wa Mbale

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbale aliniandikia: "Dada, huu ni mwaka wangu wa pili ofisini. Kutwa ni kugonga mhuri na kuandika namba za barua. Hiki ndicho nilichosomea? Nisaidie kabla sijaacha kazi." Ujumbe huo nimeurudia mara nyingi kuliko anavyodhani. Maneno kama hayo niliyaandika mimi mwenyewe kwenye daftari mwaka 2016, ila sikuwa na mtu wa kumtumia.

Mimi ni karani wa masijala, chumba cha kutunza mafaili na barua, katika ofisi moja ya wilaya huku mashariki mwa Uganda. Sitaitaja. Nilisomea Kiswahili Makerere, na wewe unayenisoma unazijua ndoto zetu: kufundisha, kutangaza redioni, kutafsiri kwenye mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha. Barua ya kazi ilipofika, mama yangu, aliyeuza dagaa mpakani Busia miaka yote ya ada zangu, alichinja kuku na kuita majirani. Ningemwambiaje, miezi sita baadaye, kwamba mwanawe anashinda kwenye chumba kisicho na dirisha, akitoboa karatasi na kuzifunga kwa vikamba vya kijani vyenye ncha za chuma?

Nilikuwa nasaini kitabu cha mahudhurio, nakaa, nasubiri chai ya saa nne, nasubiri saa kumi na moja, nasubiri mshahara wa tarehe 28. Nilianza kuwajibu watu vibaya kwenye kidirisha cha kuhudumia. Hilo naliungama hapa, kwa sababu wengine wao walikuwa wazee.

Kuna wanaokushauri uache kazi ukafuge. Nilifuga bila kuacha kazi. Kuku 200, ugonjwa wa kideri ukaingia, wiki moja wote wakaisha. Kwa hiyo usinitegemee nikuimbie wimbo huo.

Kilichonibadilisha ni mwalimu mmoja mstaafu. Alikuja kila Jumanne mwaka 2019, bahasha ya kaki kwapani, viatu amevifuta vumbi kwa jani pale nje kabla ya kuingia. Alikuwa ameanza kufundisha mwaka 1983, akastaafu alipofika miaka 60 kama sheria inavyotaka, na hajapata kiinua mgongo wala pensheni. Sisi tulimjibu jibu letu la siku zote: mzee, faili halionekani, jaribu wiki ijayo. Miezi mingi hivyo. Jumanne moja hakuuliza habari za pesa. Aliinama dirishani akasema, "Binti, mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Humo ndani nimo au simo?"

Sikulala vizuri usiku ule.

Sasa elewa mafaili yetu yanavyopotea, maana humo ndimo nilimopatia kazi yangu. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Leo zimepita 130. Busia ilitoka Tororo mwaka 1997, Sironko ikatoka Mbale mwaka 2000, na nyingine nyingi zikafuata. Kila wilaya inapomegwa, watumishi wanagawanywa na mafaili yao yanatakiwa kuwafuata. Yanafuata kwenye magunia, juu ya pikapu, na mengine yanabaki stoo ya wilaya mama bila mtu kujua. Mwalimu wangu alifundisha shule ileile miaka yote, lakini wilaya ilibadilika juu ya kichwa chake.

Niliomba ruhusa, nikapanda matatu kwa nauli yangu, nikaenda kwenye stoo ile siku mbili. Siku ya kwanza nilitafuta jina nililozoea. Hakuna. Siku ya pili nikakumbuka jinsi sisi tunavyoandika majina: leo la ukoo linatangulia, kesho la ubatizo. Nikageuza. Lilikuwa gunia la nne, pini zimeshika kutu mpaka zimechora alama nyekundu kwenye jalada. Barua yake ya kwanza ya kuajiriwa ilikuwa karatasi nyepesi ya taipu, na kila herufi o imetoboka, ukiinua kwenye mwanga unaona vitundu vidogo mstari kwa mstari.

Jumanne nilimpa aishike. Hakuisoma. Alipitisha kidole juu ya jina lake, akavua kofia.

Malipo yalichukua miezi saba zaidi. Sehemu hiyo ni barua za kwenda Kampala na barua za kurudi, sina la kusimulia. Lakini tangu siku ile nilianza kuyasoma mafaili badala ya kuyapanga. Nikagundua wengi wanakwama palepale: barua ya kwanza ya kuajiriwa haipo, au mpangilio wa majina umebadilika, au tarehe ya kuzaliwa kwenye faili hailingani na kitambulisho cha taifa, hasa kwa walioandikishwa kwa haraka mwaka 2014. Sasa natafuta waliofika miaka 57, nawapigia simu kwa muda wangu wa maongezi: mwalimu, njoo tukague faili lako ukiwa bado kazini. Hakuna aliyenituma. Najivunia, na sioni sababu ya kuficha.

Je, maumivu yameisha? Hapana. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipoafiki Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari, nililia kwa furaha, nikatuma maombi sehemu tatu. Sikuitwa hata moja. Mwaka uliofuata nafasi ya kupanda cheo ilitokea ofisini, akapewa mtu niliyemfundisha mimi kufungua faili. Nampita kwenye korido kila siku. Inauma.

Ndiyo maana nakwambia, mdogo wangu: lisome faili. Usiishie kwenye namba ya barua, soma barua yenyewe, ujue ni ya nani na anasubiri nini. Ukishajua anachosubiri, tafuta palipokwama. Ukipajua palipokwama, hutakaa tena ukihesabu saa, kwa sababu utakuwa na mtu wa kumpigia simu. Usingoje bosi akuone. Wangu hajaniona hadi leo. Na acha kuwajibu watu vibaya dirishani, hata siku uliyoumizwa wewe. Yule mzee aliyesimama mbele yako amekuja kwa nauli ya kukopa. Msomee barua yake kwa lugha anayoielewa. Kiswahili changu cha Makerere kinafanya kazi hiyo kila siku, kwa sababu wanaokuja kwetu ni Wateso, Wasamia, Wajopadhola, na barua zote ni za Kiingereza.

Kama bado unataka kuacha baada ya hapo, acha. Ila kwanza nipe miezi mitatu ya kusoma.

Nimekaa muda mrefu kujibu kwa sababu mezani kwangu kuna faili la mkunga anayestaafu Machi. Barua zake zote zipo isipokuwa ile ya kuthibitishwa kazini. Jumatatu naenda stoo, naanza na gunia la sita.