Uliza Fundi: Mtandao bila ruta wala mnara

Swali: Fundi, pokea salamu kutoka Mathare. Nafundisha katika shule ndogo ya mabati karibu na mto. Mfadhili alituachia vipakatalishi kumi na viwili. Intaneti hatuna, na ruta tuliyokuwa nayo iliungua siku stima iliporudi kwa nguvu. Tangu hapo mashine zimefungiwa kabatini. Kijana mmoja aliyemaliza chuo ananiambia zinaweza kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe hewani, bila ruta. Je, ni kweli, au ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa? Na kama ni kweli, shule isiyo na intaneti itafaidika vipi?
*Mwalimu wa Gredi ya 6, Mathare*

Jibu: Mwalimu, kijana hajakudanganya. Wahandisi huuita mtandao wa adihoki, kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "kwa ajili ya jambo hili". Hapa kibandani kwangu Luthuli Avenue nauita mtandao wa papo kwa papo, na wateja hunielewa upesi zaidi.

Wewe unakaa Mathare, kwa hiyo moto umeuona. Gari la zimamoto likija husimama barabarani, maana vichochoro havilipitishi. Moto unazimwa na nani? Watu hujipanga kutoka mferejini hadi penye moto, ndoo ikapita mkono kwa mkono. Mmoja akichoka, wa kando yake hunyoosha mkono zaidi na maji yanaendelea kufika. Ruta na mnara wa simu ni kama lile gari: lina nguvu, lakini lisipofika nyote mmekwama. Katika mtandao wa papo kwa papo kila mashine ni mkono katika ule mstari. Inatuma yake, inapokea yake, na ya mwenzake inaipitisha mbele.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wengi huliruka. Hali ya adihoki imo katika kiwango cha waifai tangu kilipotolewa mwaka 1997, lakini yenyewe huunganisha mashine zinazosikiana tu. Ili ujumbe upitie kwa wa katikati hadi kwa asiyesikika, inahitajika programu ya kutafuta njia. Zipo za namna mbili. AODV hukaa kimya mpaka pawe na ujumbe, ndipo iulize jirani kwa jirani nani anaijua njia ya kumfikia fulani. OLSR huchora ramani ya mtandao mzima na kuirekebisha kila mara. Maelezo rasmi ya zote mbili yalichapishwa mwaka 2003. Vifaa vinavyohamahama na visivyo na mengi ya kusema hufaidika na ya kwanza. Vinavyotulia mahali pamoja, ya pili.

Wewe huhitaji hata moja kati ya hizo. Mashine kumi na mbili ndani ya darasa moja zote zinasikiana.

Sasa faida, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili limeniuma miaka mingi. Nimeingia shule kadhaa za mtaa nikakuta kompyuta nzima kabisa zimefungiwa kabatini, eti wanangoja intaneti. Intaneti na mtandao ni vitu viwili. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari upande wa kusini, Nairobi nzima ililalamika kwamba kurasa hazifunguki. Hapa dukani mashine zangu zilikuwa zinapeana mafaili kama kawaida, kwa sababu safari ya kutoka meza hii hadi ile haipiti baharini.

Basi fanya hivi. Chagua kipakatalishi chenye diski kubwa. Mwombe yule kijana akiwekee Kiwix, programu ya bure inayohifadhi Wikipedia, ya Kiswahili ikiwemo, isomwe bila intaneti. Apakue mahali penye intaneti nzuri, arudi nayo. Vile vingine kumi na kimoja vitaisoma kupitia kivinjari cha kawaida, kama vile wako mtandaoni. Zoezi la hisabati unaliweka mara moja na darasa zima linalichukua. Nakala ya pili weka kwenye kipakatalishi kingine, kwa sababu cha kwanza kikianguka, mtandao utabaki lakini vitabu vitakuwa vimekwenda nacho.

Na stima ikikatika? Vipakatalishi vina betri, hivyo somo linaendelea hadi betri ziishe. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani. Ruta yangu ya nyumbani ilizima papo hapo. Binti yangu alikuwa na kazi ya chuo katika mashine yake, nami nilitakiwa kuisoma kabla ya asubuhi. Tuliunganisha mashine mbili mezani, mshumaa katikati, na faili likavuka. Alishangaa kuliko nilivyotarajia.

Yako mapungufu pia. Windows za siku hizi zimeondoa kitufe cha kuanzisha mtandao wa adihoki, kwa hiyo itakubidi uweke Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni bure na unazifaa mashine zilizozeeka. Mabati huyarudisha nyuma mawimbi ya waifai, na darasa la jirani linaweza lisisikie kitu hata kama ni hatua kumi tu. Siku mtakapotaka kupitishiana kutoka darasa hadi darasa, jua kwamba mashine ya katikati hutumia redio ileile kusikiliza na kusema, hivyo kila mruko, yaani kila mashine ya katikati inayopitiwa, hupunguza kasi karibu nusu. Na nywila: mashine nyingine za zamani hukubali WEP tu, ulinzi wa kwanza wa waifai, katika hali hii, na ulinzi huo ulivunjwa tangu 2001. Masomo yapitishe humo bila hofu. Alama za watoto na nambari za simu za wazazi usiziweke.

Usidhani haya ni mambo ya kubahatisha. Jeshi la Marekani lilianza kufadhili redio za namna hii miaka ya 1970. Baada ya tetemeko la Haiti la 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders huko Australia walianzisha mradi wa Serval ili simu zipigiane kwa waifai pale minara inapoanguka. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwetu, Laikipia. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha punda milia kola zenye GPS na redio. Porini hakuna mnara, na kumfuata kila mnyama haiwezekani. Basi punda wawili wakikaribiana malishoni, kola zao zilipeana kumbukumbu za mahali kila mmoja alikopita. Mtafiti akimkaribia mmoja tu, anaondoka na habari za wenzake ambao hakuwaona. Huwa nawasimulia vijana wanaojifunza kazi kwangu, nao hukumbuka punda hata wakisahau majina ya programu.

Jumamosi mkiwa hamna watoto, washa mashine mbili, moja ibaki mezani, nyingine uibebe ukitembea taratibu hadi nje. Mawimbi yakikatika, piga alama ya chaki ukutani. Niandikie alama iko wapi na kuna kuta ngapi katikati, nami nitakwambia kama darasa la jirani litafikiwa.

Swali: Tukiwa uwanjani Kasarani siku ya mechi, simu inaonyesha mtandao upo lakini ujumbe hauendi. Je, simu zinaweza kuongea zenyewe?
*Shabiki, Roysambu*

Jibu: Zinaweza, ndugu yangu. Mnara umezidiwa na umati, lakini Bluetooth ya simu yako haimhitaji mnara. Waandamanaji wa Hong Kong walifanya hivyo mwaka 2014 kwa programu iitwayo FireChat. Leo jaribuni Briar kwenye simu za Android. Haitafika upande wa pili wa uwanja, kwa hiyo iwafae mliokaa karibu. Tena haiwapitishii ujumbe watu msiojuana: lazima kwanza muongezane kama marafiki. Fanyeni hivyo nyumbani, kabla hamjapanda matatu.