Aliyeumwa na Kifutu Atazamwe Moyo, Si Mguu Peke Yake

Msomaji mmoja wa Rujewa ameniandikia kwamba baba yake aliumwa na nyoka shambani, uvimbe wa mguu umeanza kupungua, lakini sasa mzee analalamika kifua kubana na moyo kwenda mbio, na majirani wanasema ni woga tu. Nimemjibu ampeleke hospitali usiku huohuo. Mengine nayaandika hapa, kwa kuwa jambo hili lilishatufika nyumbani.

Shemeji yangu aliumwa na kifutu akifyeka majani kwenye tuta la shamba la mpunga, huko Usangu. Mmoja alitaka kumfunga kamba, mwingine akaja na jiwe jeusi, lile linalodaiwa kunyonya sumu. Nilikataa yote mawili, tukamlaza, tukaukaza mguu kwa vipande vya mti usitikisike, tukakodi gari. Hospitalini alipewa dawa ya kuzuia sumu, na kila aliyeingia wodini aliutazama mguu, ambao kwa kweli ulitisha. Mimi nilimtazama usoni: jasho la baridi, na kizunguzungu kila alipojiinua. Nilipoomba apimwe presha na umeme wa moyo, niliitwa mjuaji mbele ya wakwe, na neno hilo halijanitoka. Kipimo kilionyesha kwamba moyo ulikuwa unadunda bila mpangilio.

Daktari alitueleza kwamba sumu ya kifutu hulegeza mishipa ya damu na kuifanya ivuje, hivyo maji na damu huhamia kwenye uvimbe, presha hushuka, na moyo wenyewe hukosa damu ya kutosha. Mara chache msuli wa moyo nao hudhurika. Hata dawa ya kuzuia sumu yaweza kuleta mzio mkali unaoangusha presha, ndiyo maana adrenalini, sindano ya kutuliza mzio huo na kupandisha presha, huwekwa karibu.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, nasi bado tunabishania jiwe! Ndugu zangu mnaolima mabondeni, ombeni presha na mapigo ya moyo vipimwe tena na tena, hata kama mguu unanywea. Maumivu ya kifua, kuzimia au kuhema kwa shida havingoji kupambazuke. Kwa maumivu, msimpe mgonjwa aspirini wala diklofenaki, kwa sababu sumu hii huvuruga kuganda kwa damu. Na kama kipimo cha kwanza cha moyo kilikuwa na kasoro, ombeni kirudiwe kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.